Siku Isiyo na Jana

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Niliombwa nizungumze juu ya mwanzo wa ulimwengu na mwanzo wa wakati. Niliitikia upesi, na nilipokaa kuandaa nikaona nimebebeshwa mada mbili. Kwamba ulimwengu huu wenye nyota na galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, zamani haukuwa hivi, kwamba ulikuwa umebanana na una joto la kutisha, hilo nina ushahidi wake wa kupimika, na sehemu yake nitawaonyesha jioni hii. Kwamba wakati wenyewe ulianza, hapo nina hesabu zinazokwenda vizuri hadi mahali fulani zikakwama. Watu wengi huyashona pamoja mambo haya mawili, wengine kwa kuitetea dini, wengine kwa kuipiga. Nadhani pande zote mbili zingefaidika kumjua mtu aliyeianzisha hoja yenyewe. Alikuwa padri, na yeye hakuyashona.

Anaitwa Georges Lemaître, Mbelgiji, mzaliwa wa Charleroi, 1894. Alianza na uhandisi, vita vya 1914 vikamkuta, akapelekwa kikosi cha mizinga. Aliporudi aliuacha uhandisi, akasoma hisabati na fizikia, kisha akaingia seminari. Alipewa upadri mwaka 1923, na mwaka huohuo akavuka kwenda Cambridge kusoma kwa Arthur Eddington, halafu Marekani, halafu akarudi kwao Louvain kufundisha. Mwaka 1927 alichapisha makala kwa Kifaransa katika jarida la chama cha sayansi cha Brussels ambalo nje ya Ubelgiji lilisomwa na wachache sana. Makala ile ilisema ulimwengu unatanuka.

Ili muone uzito wa neno hilo, turudi nyuma kidogo. Albert Einstein alikamilisha nadharia yake ya uvutano mwaka 1915, na 1917 akajaribu kuitumia kwa ulimwengu mzima. Hesabu zikamgomea. Kila alipozipanga, ulimwengu ulikataa kutulia, na yeye, kama karibu kila msomi wa wakati ule, aliamini ulimwengu umetulia tangu na tangu. Basi akaongeza kijisehemu kimoja kwenye hesabu ili kuuzuia. Mwaka 1922 mwanahisabati wa Kirusi, Aleksandr Friedmann, alionyesha kwamba hesabu zilezile zinaruhusu ulimwengu unaotanuka au kusinyaa. Einstein alimpinga, baadaye akakiri kwamba upande wa hesabu Friedmann hakukosea, lakini moyoni hakukubali. Friedmann alikufa 1925 kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 37, bila kuona kazi yake ikiheshimiwa.

Lemaître hakuwa na habari za Friedmann. Alichokuwa nacho ni vipimo. Tangu 1912, huko Arizona, Vesto Slipher alikuwa akiupitisha mwanga wa galaksi kwenye kioo cha pembe na kuutandaza katika rangi zake. Kila elementi huacha mistari yake mahali palepale kwenye rangi hizo, na Slipher aliona kwamba katika galaksi nyingi mistari imesogea kuelekea kwenye wekundu, dalili kwamba galaksi hizo zinatukimbia. Andromeda ilikuwa tofauti, yenyewe inatujia. Kuhusu umbali, njia ilikuwa imefunguliwa na Henrietta Leavitt wa Harvard, mwanamke aliyekuwa akilipwa ujira mdogo wa kukagua picha za vioo. Aligundua kwamba nyota fulani zinazowaka na kufifia kwa mpangilio hujitangaza zenyewe: kadiri zinavyochukua siku nyingi kuwaka na kufifia, ndivyo zilivyo na mwanga mwingi zaidi. Ukiujua mwanga wake halisi na ukaupima unaokufikia, umbali umeupata. Mwaka 1923 Edwin Hubble aliiona nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda, akiwa kwenye darubini ya Mount Wilson yenye kioo cha upana wa mita 2.5, na ikajulikana kwamba ile si wingu ndani ya galaksi yetu. Ni galaksi nyingine kabisa.

Sasa tanuko lenyewe. Naomba tusafiri kwa barabara ya kwenda bara. Kutoka Dar es Salaam, Chalinze ni kama kilomita 100, Morogoro kama 190, Dodoma kama 450. Tuseme katika muda wa saa moja barabara yote inarefuka mara mbili, na miji haijaondoka ilipo kando ya barabara. Mtu wa Dar ataona Chalinze imekwenda kilomita 200, yaani imemkimbia kwa kilomita 100 kwa saa. Morogoro imemkimbia kwa 190. Dodoma kwa 450. Iliyo mbali zaidi inakimbia zaidi, na hakuna mji uliowasha injini. Mpigieni simu mtu wa Morogoro: naye atawaambia kwamba wote wanamkimbia, Dar upande mmoja na Dodoma upande mwingine, na kwake pia wa mbali ndiye mwenye kasi. Hakuna anayeweza kudai kwamba yeye ndiye kitovu. Kwa hiyo yule anayeniuliza kila mara, mlipuko ulioanzisha ulimwengu ulitokea wapi, nielekeze kidole, jibu ni kwamba popote utakaponyoosha kidole ndipo, hata hapa ukumbini.

Hilo ndilo Lemaître alilolitoa kwenye hesabu za Einstein mwaka 1927, na akakadiria hata kasi ya tanuko. Mwezi Oktoba mwaka huo wanafizikia wakubwa walikutana Brussels, naye akapata nafasi ya kuzungumza na Einstein. Lemaître mwenyewe alisimulia baadaye alichoambiwa: hesabu zako ni sahihi, lakini fizikia yako ni ya kuchukiza. Einstein huyohuyo ndiye aliyemtajia jina la Friedmann kwa mara ya kwanza.

Miaka miwili baadaye Hubble alichapisha vipimo vya galaksi 24, kasi upande mmoja, umbali upande mwingine, na uhusiano ukaonekana waziwazi. Dunia ikampa Hubble sifa. Makala ya padri ilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1931, aya zenye makadirio ya kasi ya tanuko hazikuwemo. Kwa miaka mingi watu walinong'ona kwamba kuna mkono uliozifuta ili kumlinda Hubble. Mwaka 2011 barua ikapatikana kwenye kumbukumbu: aliyetafsiri na kuziondoa ni Lemaître mwenyewe, akisema hakuona haja ya kurudia makadirio ya zamani wakati vipimo bora vimeshatoka. Mimi humpenda kwa hilo. Wanasayansi wengi ninaowafahamu wasingefuta hata mstari mmoja unaowapa haki ya kuwa wa kwanza. Mwaka 2018 wanafalaki wa dunia walipiga kura kupendekeza kanuni ile iitwe ya Hubble na Lemaître, naye alikuwa kaburini zaidi ya miaka 50.

Mwaka huohuo wa 1931 alifanya jambo la kuthubutu zaidi. Kama ulimwengu unatanuka, basi jana ulikuwa mdogo kuliko leo, na juzi mdogo kuliko jana. Eddington, mwalimu wake, alikuwa ameandika kwamba wazo la maumbile kuwa na mwanzo linamkera. Lemaître akamjibu kwa barua fupi katika jarida la Nature, toleo la tarehe 9 Mei. Alisema tukirudi nyuma vya kutosha tutakuta vyote vimefungwa ndani ya kitu kimoja, alichokuja kukiita atomi ya awali, na katika hali hiyo maneno kama mahali na wakati hayana maana bado, yanaanza kupata maana pale kitu hicho kinapogawanyika. Baadaye aliizungumzia kama siku isiyo na jana.

Upinzani ulikuwa na haki yake, msiuone kama ukaidi mtupu. Kwa vipimo vya Hubble, ulimwengu ulitoka na umri wa kama miaka bilioni 2, ilhali miamba ya hapa duniani ilionekana kuzidi hapo. Mtoto hawezi kumzidi mama umri. Ilibidi ifike miaka ya 1950 ndipo Walter Baade alipoonyesha kwamba umbali wa galaksi ulikuwa umepunjwa, na umri ukaanza kupanda. Katikati ya mzozo huo, mwaka 1948, Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold wa Uingereza walitoa nadharia nyingine: ulimwengu unatanuka, ndiyo, lakini maada mpya huzaliwa kidogokidogo kujaza nafasi, kwa hiyo hauna mwanzo wala mwisho. Hoyle ndiye aliyeiita nadharia ya Lemaître Mlipuko Mkuu kwa mara ya kwanza, kwenye redio ya BBC mwaka 1949, akiwa anaisimulia nadharia asiyoiamini.

Kati ya nadharia hizo mbili, nani alikuwa na kitu cha kupima? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Chukueni chupa hii ya maji iliyo mezani. Katika kila atomi tatu za maji, mbili ni haidrojeni. Kiini cha haidrojeni ni protoni moja tu, chembe yenye chaji chanya, na protoni hizi ziliumbika kabla ulimwengu haujatimiza sekunde moja. Ninayemeza hapa (samahani, koo limekauka) ni mzee wa miaka bilioni 13.8. Oksijeni iliyomo ni ya juzi ukilinganisha, hiyo ilipikwa ndani ya nyota. Sasa, katika dakika za mwanzo ulimwengu ulikuwa na joto linalotosha kuunganisha protoni na neutroni, chembe za kiini zisizo na chaji, kuwa viini vya heliamu, lakini ulikuwa unatanuka na kupoa kwa haraka, muda ukawa mfupi. Wakati kazi hiyo inaanza, kwa kila neutroni moja kulikuwa na protoni kama saba. Vijana, toeni kalamu. Chukua chembe 16: protoni 14, neutroni 2. Heliamu moja inataka protoni 2 na neutroni 2. Neutroni zimekwisha, zimebaki protoni 12 peke yake, ambazo ni haidrojeni. Uzito wa heliamu ni 4 katika 16. Robo. Mkienda kwenye gesi kongwe zaidi tunazoweza kuzichunguza angani, ambazo nyota hazijazichafua sana, mnakuta heliamu ni kama asilimia 24 au 25 ya uzito. Nyota peke yake zisingeweza kutengeneza kiasi hicho kwa muda uliokuwepo.

Waliofungua njia ya hesabu hiyo ni George Gamow na mwanafunzi wake Ralph Alpher, Marekani, mwaka 1948. Mwaka huohuo Alpher na mwenzake Robert Herman wakapiga hatua nyingine: kama ulimwengu ulikuwa moto namna hiyo, basi mwanga wake haukwenda popote, bado umo, umepoa tu kadiri nafasi ilivyotanuka. Walikadiria leo utakuwa na halijoto ya nyuzi kama 5 juu ya sifuri halisi, yaani baridi ambayo hakuna inayoizidi. Hakuna aliyekwenda kuutafuta. Makala ikakaa kwenye rafu.

Basi twende Holmdel, New Jersey, 1964. Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wafanyakazi wa maabara ya kampuni ya simu, Bell. Mikononi mwao walikuwa na antena yenye umbo la baragumu kubwa, mdomo wake karibu mita 6, iliyojengwa kwa majaribio ya mawasiliano ya setilaiti. Walitaka kuitumia kupima mawimbi ya redio kutoka angani, na kabla ya kazi walitaka kujua mashine yao yenyewe ina kelele kiasi gani. Wakakuta kelele ya ziada ambayo, ikipimwa kama joto, ni nyuzi kama 3.5 juu ya sifuri halisi. Waliielekeza New York, haikuzidi. Waliigeuza upande wa mbingu usio na kitu, haikupungua. Usiku, mchana, majira yote ya mwaka, ileile. Walifunika maungio ya bati kwa utepe wa alumini. Halafu kulikuwa na njiwa wawili waliokuwa wamejenga ndani ya baragumu na kulipaka kile ambacho Penzias, kwa adabu ya kisayansi, alikiita dutu nyeupe isiyopitisha umeme. (Kicheko.) Wakawakamata, wakawatuma kwenye tawi jingine la kampuni lililo mbali, njiwa wakarudi. Mwisho wao haukuwa mzuri, tusiuseme mbele ya watoto. Baragumu likasafishwa, kelele ikabaki.

Kilomita 60 hivi kutoka hapo, Princeton, Robert Dicke na vijana wake, akiwemo Jim Peebles, walikuwa wamefikia upya wazo la Alpher na Herman bila kujua kwamba limeshaandikwa, na walikuwa wanaunda kifaa cha kuutafuta mwanga huo. Simu ikalia wakiwa mkutanoni ofisini kwa Dicke. Ilikuwa ni Penzias. Dicke alipoiweka chini aliwaambia vijana wake kwamba wamewahiwa. Makala mbili zilitoka pamoja 1965, na Penzias na Wilson wakapata Tuzo ya Nobel 1978. Peebles aliipata yake 2019. Alpher na Herman hawakutajwa kabisa katika makala zile za mwanzo, na Alpher alilibeba jeraha hilo hadi uzeeni.

Waliokulia na TV za chogo mnazikumbuka chenga stesheni ikizimwa usiku. Sehemu ndogo ya chenga zile ilikuwa mwanga huo. Uliachiwa huru ulimwengu ulipofikisha kama miaka 380,000, ukiwa na nyuzi 3,000 hivi, na tangu hapo nafasi imetanuka zaidi ya mara elfu moja. Leo ni nyuzi 2.725 juu ya sifuri halisi. Setilaiti ya COBE, iliyorushwa Novemba 1989, iliupima kwa usahihi ambao matokeo yake yalipoonyeshwa kwa wanafalaki Januari 1990, ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Nukta za vipimo zilikaa juu ya mstari wa nadharia, huoni pengo.

Lemaître alipelekewa habari za ugunduzi huo akiwa mgonjwa hospitalini, siku chache kabla ya kufariki Juni 1966. Alifurahi. Lakini furaha yake ilikuwa na mipaka aliyoiweka mwenyewe miaka 15 kabla. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius XII alihutubia Chuo cha Kipapa cha Sayansi, ambacho Lemaître alikuwa mwanachama wake, akasema kwa lugha tamu kwamba sayansi sasa imekuwa shahidi wa lile neno la mwanzo, iwe nuru. Ungetegemea padri wetu ashangilie. Hakupendezwa. Nadharia yake ilikuwa bado changa, haijapata ushahidi wa kutosha, na hata ingeupata, aliona si kazi yake kumthibitisha Mungu. Alizungumza na washauri wa Papa, na Septemba 1952, Papa alipohutubia wanafalaki wa dunia, hoja ile hakuirudia. Mwaka 1958 Lemaître alieleza msimamo wake mbele ya wenzake: nadharia hii iko nje ya swali lolote la dini, asiyeamini abaki huru, na anayeamini asidhani amepewa njia ya mkato ya kumzoea Mungu.

Sababu yake ya kifizikia bado ina nguvu leo. Heliamu inatufikisha kwenye dakika na sekunde za mwanzo. Mashine za kugonganisha chembe, kama ile iliyo chini ya ardhi karibu na Geneva, zinatufikisha kwenye nishati za takriban sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Nyuma ya hapo ni hesabu bila vipimo. Ukiendelea kurudi hadi sekunde moja iliyogawanywa kwa 1 yenye sifuri 43, nadharia ya Einstein haitegemeki tena; ukiisukuma hadi sifuri kabisa inatoa jibu lisilo na mwisho, na jibu lisilo na mwisho ni namna ya hesabu kukwambia kwamba imetumika pasipoihusu. Roger Penrose na Stephen Hawking walithibitisha miaka ya 1960 kwamba ukimwamini Einstein peke yake, huwezi kulikwepa jibu hilo. Mwaka 1983 Hawking na James Hartle walipendekeza kwamba ukikaribia huko wakati hupoteza sifa zake ukawa kama upande mwingine wa nafasi, kwa hiyo hakuna ukingo wa kwanza. Wengine wanasema kulikuwa na ulimwengu uliosinyaa ukarudi kutanuka. Yote yanaandikika kwa hesabu. Hakuna lililopimwa.

Na swali la kabla ya hapo kulikuwa na nini si geni hata kidogo. Augustino, askofu wa Hippo, mji ulio Algeria ya leo, aliulizwa Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba. Alitaja mzaha wa mtu aliyejibu kwamba alikuwa akiwaandalia jehanamu wachokozi wa maswali kama hayo, akaukataa mzaha huo, akajibu kwa makini: wakati nao uliumbwa, kwa hiyo neno kabla halina pa kusimama. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, aliwajibu wanafalsafa vivyo hivyo: wakati ni kiumbe, na kushindwa kwetu kuuwazia mwanzo usio na kabla ni udhaifu wa dhana zetu. Ibn Rushd wa Andalusia akamjibu kwa ukali akitetea umilele. Hawakuwa na darubini, na bado mgawanyiko wao ni uleule nilioutaja sasa hivi.

Haraka ya kuuona mwanzo imeshawaponza watu karibuni. Tarehe 17 Machi 2014 kundi la BICEP2, lenye darubini yake Ncha ya Kusini, lilitangaza kwamba limeona katika mwanga ule mkongwe alama za mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe, yaliyotokana na kufura kwa ghafla kwa ulimwengu ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza. Magazeti yakawaka. Ilisambaa video ya Andrei Linde, mmoja wa waasisi wa wazo hilo la kufura, akigongewa mlango wa nyumba na kuletewa habari pamoja na shampeni. Kufikia mwanzoni mwa 2015 vipimo vya setilaiti ya Planck vilikuwa vimeonyesha kwamba alama ile inaelezeka kwa vumbi la galaksi yetu wenyewe. Kazi inaendelea Ncha ya Kusini na kwenye jangwa la Atacama, Chile, na Japani inaandaa setilaiti kwa ajili hiyohiyo. Wakiipata alama halisi, tutakuwa tumesogea nyuma sana kupita heliamu, na bado tutakuwa upande huu wa ile sekunde ya sifuri 43.

Muda wangu umekwisha, na mikono naiona mingi. Tuanze na mzee yule wa safu ya pili, aliyeunyoosha tangu nilipomtaja Ghazali.